Ishirini kwa Kila Kitanda

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu nikiyasema haya kwa sauti nitaitwa ofisini, na nikiyameza nitapasuka. Leo nimerudi wodi ya wanawake kuwa msimamizi wa zamu, baada ya miaka mitatu kule kliniki ya watoto. Mvua imeanza alfajiri, na paa la korido linavuja palepale lilipokuwa linavuja nilipoondoka. Ndoo ya kukingia nayo ni ileile.

Vitanda ishirini na nane, wagonjwa thelathini na mmoja. Nimepokea zamu, nikazunguka na chati mkononi. Kitanda cha kwanza, pumu: pumzi ishirini kwa dakika. Cha pili, kisukari: ishirini. Cha tatu, vidonda vya tumbo: ishirini. Cha nne yuko bibi mwenye moyo uliochoka, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Ameketi wima, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Nikatazama chati yake. Asubuhi ishirini, mchana ishirini, jana ishirini, juzi ishirini. Nikasimama, nikamhesabia mwenyewe dakika nzima. Thelathini na nne.

Nikaibeba ile chati hadi mezani kwa Kicheko. Huyu nimesoma naye uuguzi, tumelala chumba kimoja bwenini, na jina hilo alipewa hukohuko kwa sababu akicheka anasikika getini.

"Hii ishirini ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya serikali," akasema, akaangua kicheko chake. "Hebu keti kwanza, mama. Juzi tu ulikuwa unapima watoto uzito, leo unataka kutuhesabia pumzi? Ishirini haina ugomvi na mtu. Ukiandika kumi na mbili daktari atakuuliza, ukiandika thelathini atakuuliza. Ukiandika ishirini anapita."

Wote mezani wakacheka. Mimi sikucheka. Nimemwita daktari, bibi akachomwa sindano ya kutoa maji mwilini, akainuliwa mito mitatu mgongoni. Jioni alikuwa anaongea sentensi nzima bila kukata.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki.

Ijumaa, 8 Machi

Nieleze jinsi inavyofanyika, maana siku moja nitasahau kwamba niliwahi kushangaa. Homa ina kipimajoto. Presha ina mashine. Oksijeni ina kile kibanio cha kidoleni. Pumzi haina mashine. Lazima usimame, mikono mitupu, utazame kifua cha mtu kwa dakika nzima. Sasa nesi mwenye wagonjwa kumi na tano akionekana amesimama mikono mitupu, kila mtu anadhani hana kazi. Mmoja anamwita alete bakuli, mwingine anamuuliza daktari atakuja lini, sista mkuu anamtuma famasi. Kwa hiyo hasimami. Zamu ikikaribia kuisha anaketi mezani na rundo la chati, anashuka na safu ya pumzi kutoka juu hadi chini, ishirini, ishirini, ishirini, huku anapiga soga. Nimemwona mmoja akijaza bila kuangalia karatasi.

Nao sasa wamenibandika jina. Mama Dakika. "Mama Dakika kasimama, msipite mbele yake mtamharibia hesabu." Sawa. Waniite watakavyo.

Jumanne, 12 Machi

Ameletwa mama mmoja anatukana, jasho linamtiririka, anamrushia kaka yake kiatu. Kaka mtu anaapa kwamba dada yake ameanza kulewa. Daktari mdogo akaagiza sindano ya usingizi. Nikasema subiri kwanza. Nikamtoboa kidole: sukari moja nukta tisa, ya chini mno. Tukampa glukosi kwenye mshipa, na kabla bomba la sindano halijaisha akatulia, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kiatu changu kingine kiko wapi?"

Huyu angelazwa usingizi na sukari ile, asingeamka. Daktari mdogo amenishukuru kwa heshima, uso umemshuka. Nami nimerudi nyumbani kichwa juu. Mtu anayechanganyikiwa ghafla, tafuta sababu mwilini kabla hujamtafutia sababu katika tabia yake. Nimemwambia hivyo mbele ya wote, tena kwa sauti.

Jumanne, 19 Machi

Bibi wa kitanda cha nne amekutwa amelazwa chali. Mito mitatu imepangwa vizuri kwenye kiti. Kicheko alikuwa anatandika vitanda kwa sababu wakubwa walikuwa wanapita, na kitanda chenye mtu aliyeketi hakipendezi. Bibi midomo imeanza kuwa ya kijivu. Nimemwinua mwenyewe. Nilimwambia Kicheko maneno ambayo sitayaandika.

"Umebadilika," akaniambia. "Zamani ulikuwa unaona watu. Siku hizi unaona makosa."

Nimefura mpaka sasa, na nimeshaoga na kula.

Jumatatu, 25 Machi

Wagonjwa wa kifua wanaingia kwa mafungu. Baridi, unyevu, nyumba zimefungwa madirisha. Leo watano.

Jumapili, 31 Machi

Kitanda cha kumi na moja kimepata mgonjwa atakayenipunguzia hasira. Ni fundi cherehani, miaka arobaini kasoro, watoto wawili. Nimonia upande wa kulia, homa thelathini na tisa nukta nne, anakohoa ameshika ubavu. Kaletwa na mdogo wake wa kike wanayeshona pamoja. Tumemwanzishia dripu na sindano za antibayotiki. Na hali ile aliyonayo, kaniangalia sare, kaniambia, "Nesi, huyu aliyekukata hili bega hakupendi." Nimecheka siku nzima. Kila mtu sasa anamwita Fundi.

Jumanne, 2 Aprili

Siku nzuri kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Fundi homa imeshuka, asubuhi imesoma thelathini na tano nukta nane. Pumzi nimemhesabia mwenyewe ishirini na sita, lakini alikuwa ndiyo kwanza ametoka bafuni. Presha iko chini kidogo, nayo hajala vizuri. Nimeagiza apimwe tena mchana.

Saa saba hivi, kabla sijakabidhi zamu kwa Kicheko, Fundi alinivunja mbavu. Nilimkuta anaikunja shuka kwa vidole, anaibana pindo, anaiachia, anaibana tena. Nikamuuliza unashona nini? Akanishika mkono, akaupima kwa shubiri kuanzia begani hadi kiwiko, akaniambia, "Bi harusi, gauni lako litakuwa tayari Jumamosi, usinisumbue." Bi harusi! Mimi na mvi zangu! Kitanda cha kumi na cha kumi na mbili wote walicheka. Nimewasimulia nyumbani wakati wa chakula, mume wangu karibu apaliwe. Mama mkwe ndiye hakucheka, labda magoti yanamsumbua kwa baridi hii.

Jumatano, 3 Aprili

Kitanda cha kumi na moja kilikuwa kitupu. Godoro limefutwa dawa, bado linang'aa maji.

Nesi wa usiku aliniambia akiwa anavaa koti. Walimkuta saa kumi alfajiri hajibu, mikono ya baridi, presha haisomeki. Daktari alikuja mbio, wakamtia maji mishipa miwili, wakambadilishia dawa, wakampa oksijeni. Saa kumi na moja na nusu alikata roho. Maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu, na hayakuingia alfajiri hiyo.

Nikaifungua chati. Asubuhi, mwandiko wangu: ishirini na sita. Saa nane mchana, mwandiko wa Kicheko: ishirini. Saa kumi na mbili jioni, mwandiko wa Kicheko: ishirini. Presha ya saa kumi na mbili haipo kabisa, kuna kistari tu.

Nilimngoja mlangoni hadi alipoingia zamu ya mchana, mwavuli unachuruzika, anasalimia watu. Nikamwekea chati mbele ya uso.

"Soma."

Akasoma. Akatazama kitanda cha kumi na moja. Mwavuli ukamtoka mkononi.

"Fundi?"

"Soma kwa sauti. Wasikie wote. Ishirini, ishirini. Ulimhesabia?"

"Mwenzangu, nilikuwa peke yangu. Yule mwingine alichukuliwa chumba cha upasuaji tangu saa tisa. Nilikuwa na wagonjwa thelathini..."

"Ulimhesabia au hukumhesabia?"

"Sikumhesabia."

"Basi umemuua," nikasema.

Watu wote walisikia. Mdogo wake Fundi alikuwa kwenye benchi la korido karibu na ndoo, anasubiri karatasi za mwili, mfuko wa nguo za dada yake mapajani. Naye alisikia. Sijutii. Sijutii hata kidogo.

Ijumaa, 5 Aprili

Familia imelalamika kwa maandishi. Sista mkuu ametutaka maelezo. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu: nilihesabu pumzi ishirini na sita, nikaagiza mgonjwa apimwe tena mchana, nikakabidhi zamu saa nane. Kila neno ni kweli. Nimetia sahihi kwa nguvu mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Kicheko ameandika mstari mmoja: "Nilijaza namba bila kuhesabu." Sista mkuu anasema kamati ya nidhamu itakaa, na kwa mstari ule anaweza kunyang'anywa leseni. Miaka kumi na tisa ya kazi. Na afanyweje? Apewe zawadi?

Jumatatu, 8 Aprili

Sina salamu naye. Chai nakunywa stoo.

Kichekesho cha leo, kama kuna mwenye nguvu za kucheka: sista mkuu ametangaza kwamba ishirini ni marufuku. Nimezunguka na chati mchana. Kumi na nane, ishirini na mbili, kumi na tisa, ishirini na moja. Nikasimama kitanda cha sita nikahesabu mwenyewe. Imeandikwa kumi na tisa, mimi nimepata thelathini. Hawahesabu. Wanachanganya tu namba ili zisifanane. Zamani walikuwa wanadanganya kivivu, sasa wanadanganya kwa ustadi.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikuwa zamu leo. Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, mume wangu kaenda kazini, nimebaki na mama mkwe tunachambua mchele mezani. Nikaanza tena habari za Kicheko. Naona nimekuwa nikizianza kila siku, maana mama mkwe aliendelea kuchambua bila kunyanyua macho.

"Kwa hiyo watamfukuza," akasema.

"Inshallah wamfukuze. Mtu anakufa mbele yako unaandika ishirini!"

Akaokota kijiwe, akakiweka pembeni.

"Yule ndiye fundi wa bi harusi? Yule aliyekupima mkono?"

"Huyohuyo, mama. Mchana wake alikuwa ananichekesha, alfajiri hayupo."

"Baba mkwe wako naye alishona," akasema.

Nikamwambia baba mkwe alikuwa dereva, hajawahi kushika sindano maisha yake.

"Ndiyo maana nasema. Ile wiki ya mwisho alikuwa anakunja shuka, anavuta nyuzi ambazo hazipo, ananiita mimi utingo, anataka nimfungie turubai. Mamangu mzazi naye, vidole vilikuwa havitulii kwenye blanketi. Mtu akianza kuchumachuma nguo hivyo, mwanangu, sisi huwa tunaita ndugu."

Nilikuwa na mchele mkononi. Sikuweza kuuachia wala kuuweka.

"Mama, ulijua siku ile? Siku ile nilipokuwa nasimulia?"

"Nilihisi."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Wewe ndiye nesi. Umesoma. Mimi ni nani nikufundishe kazi yako mbele ya mumeo?"

Nilimpandishia sauti mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilimwambia angesema tungerudi hospitali palepale, kwamba ni wazee kama yeye wanaokaa kimya halafu wanajifanya walijua. Aliniacha niseme yote. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Nikusaidie nini sasa? Nikubali kwamba nimemuua mimi?"

Nimeingia chumbani, nimefunga mlango, nimefungua daftari hili tarehe 2 Aprili. Limeandikwa na mkono wangu. Homa iliyoanguka kutoka thelathini na tisa hadi chini ya thelathini na sita ndani ya siku mbili, nami nikafurahi. Pumzi ishirini na sita, nikaitafutia bafuni. Presha ya chini, nikaitafutia njaa. Na mgonjwa amechanganyikiwa, ananiita bi harusi, anashona shuka, nami nikamtafutia cherehani. Wiki tatu tu kabla yake nilisimama nikamhubiria daktari mdogo kuhusu mtu anayechanganyikiwa ghafla. Fundi nilimpenda, nilikuwa nasubiri mzaha wake, na ulipokuja sikuuangalia mara mbili.

Saa saba mchana. Muda wa saa kumi na tano kabla hajakutwa hajibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziunganisha dalili zile.

Jumapili, 14 Aprili

Nilihesabu, lakini. Angalau mimi nilihesabu.

Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna anayeijua habari hii isipokuwa mama mkwe, na yeye hatasema. Wagonjwa wa kitanda cha kumi na cha kumi na mbili wamesharuhusiwa. Maelezo yangu yako ofisini na kila neno ni kweli.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Nimegombana na mfamasia, na mpishi, na mtu aliyeegesha baiskeli mlangoni.

Jumatano, 24 Aprili

Kicheko ametolewa wodini hadi kamati itakapokaa. Wamempeleka stoo ya mashuka. Nimetumwa huko leo, nikajizungusha mpaka nikaishiwa visingizio.

Chumba hakina dirisha. Alikuwa ameketi juu ya marobota, anakunja. Kicheko chake sijakisikia wiki tatu, na uso bila kicheko sikuutambua mara moja. Akanihesabia mashuka kumi. Nilipogeuka akasema, "Nilimlisha, unajua."

Nikasimama.

"Jioni ile. Nilikuwa nakimbia kama kichaa, lakini nilimlisha vijiko vinne. Alikuwa ananiita jina la mdogo wake, ananiambia nizime pasi. Nikamwitikia, nikamwambia nimeshaizima, dada, kula. Nilidhani anamkumbuka tu ndugu yake." Akakunja shuka, akaipiga kiganja iwe bapa. "Usiku silali, nawaza ile sauti. Alikuwa haigizi. Alikuwa hajui yuko wapi. Ungekuwepo wewe ungejua, ungemwita daktari palepale. Mimi sikujua."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na mashuka kumi kifuani na daftari hili mkobani, na mbele yangu mtu ananisifu kwa jambo nililoshindwa.

"Ni kumi haya?" nikauliza.

"Ni kumi."

Nikaondoka. Najidharau kiasi kwamba nimeandika hili nimesimama, sitaki hata kuketi.

Alhamisi, 2 Mei

Kamati imeahirishwa. Barabara ya anakotoka mwenyekiti imekatwa na maji. Nilifurahi, nikachukia kwamba nimefurahi.

Jumanne, 7 Mei

Sista mkuu aliniita ofisini akafunga mlango. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mimi ni shahidi tu. "Hospitali inahitaji jambo hili liishe kwa mtu mmoja," akasema. "Na mtu mwenyewe ameshakiri." Akanisifu, akasema natajwa kuwa mkuu wa zamu zote mwakani.

Nilimtazama nikaiona wodi nzima: nesi mmoja kwa wagonjwa thelathini, na yeye akijua. Yeye ndiye aliyemtoa yule mwenzake Kicheko ampeleke chumba cha upasuaji. Hilo halimo katika maelezo ya mtu yeyote. Nikamuuliza kama atalisema mbele ya kamati. Akaniambia nimechoka, nipumzike.

Alhamisi, 9 Mei

Chumba cha mikutano, meza ndefu, dirisha lisilofungika vizuri, maji yanaingia kwenye kizingiti. Mwenyekiti, daktari mkuu, sista mkuu, karani. Kicheko amekaa upande mmoja, amevaa sare iliyopigwa pasi, mikono mapajani. Upande mwingine mdogo wake Fundi, peke yake.

Mwenyekiti akasoma maelezo yangu, akaniuliza kama nayathibitisha.

"Nayathibitisha, lakini hayajakamilika," nikasema.

Nikalitoa daftari. Sista mkuu akasema hilo si hati ya wodi. Mwenyekiti akasema nisome. Nikasoma tarehe 2 Aprili yote, pamoja na mbavu zangu zilizovunjika, pamoja na mume wangu aliyekaribia kupaliwa. Nilipofika kwenye bi harusi nilirudi nyuma, nikaanza sentensi upya.

"Fafanua," akasema mwenyekiti. "Hiyo ina maana gani kitaalamu?"

"Mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa. Mgonjwa wa nimonia akichanganyikiwa, homa ikaanguka chini ya kawaida, pumzi zikapanda, presha ikashuka, maambukizi yameingia kwenye damu. Kila kimoja kilikuwa mbele yangu saa saba mchana. Nilipaswa kumwita daktari dakika ileile. Sikumwita, na nilipokabidhi zamu sikumwambia mwenzangu chochote isipokuwa mzaha."

"Saa saba alikuwa na nafasi ya kupona?"

"Alikuwa nayo. Si ya hakika, lakini alikuwa nayo. Na ningependa iandikwe kwamba kuanzia saa tisa wodi iliachiwa nesi mmoja, na aliyetoa amri hiyo yumo humu ndani."

Karani aliacha kuandika, akamtazama sista mkuu, kisha mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia andika.

Hapo mdogo wake Fundi akazungumza kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti.

"Siku ile koridoni nilikusikia unamwambia huyu dada amemuua. Nikakuombea dua. Nilirudi nyumbani nikawaambia watoto kuna nesi mmoja aliyempigania mama yenu." Akanitazama hadi nikainua macho. "Kwa hiyo yeye alikushika mkono, nawe ukacheka."

"Nilicheka."

"Haya," akasema. "Sasa niwaambie nini?"

Nimeshinda jioni yote natafuta jibu.

Nje Kicheko alinisubiri kwenye ngazi. Nilidhani labda atanishika mkono. Mjinga mimi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tatu mwezi uliopita."

Akahesabu kichwani, nikamwona anavyohesabu. "Ulipokuja kuchukua mashuka ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Nikakwambia ungekuwepo wewe."

"Ndiyo."

"Mama yangu ananiuliza kila jioni nimefanya nini huko kazini hata nimekonda hivi. Mwezi mzima nimejiita muuaji kwa sauti yako wewe. Sikupi asante, usiingoje." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Na ile ishirini ni yangu. Usije ukadhani umenichukulia na hiyo."

Alhamisi, 16 Mei

Uamuzi umetoka. Kicheko: onyo la maandishi, anarudi wodini. Mimi: nimevuliwa usimamizi wa zamu, na kwa miezi sita sitapima mgonjwa peke yangu, kila nitakachoona kithibitishwe na muuguzi mwenye uzoefu usiopungua miaka kumi na tano. Sista mkuu: hakuna neno, ila kuanzia sasa nesi hatolewi wodini bila wa kumbadili. Limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa.

Wenye miaka kumi na tano wodini ni wawili. Mmoja ni mimi.

Jumatatu, 20 Mei

Kicheko alifika kabla yangu. Hatukusalimiana. Manyunyu tu leo, lakini paa la korido bado linadondosha.

Kitanda cha tisa, mama wa makamo, kisukari, kidonda cha mguu kimeanza kunuka, ameingia jana. Kicheko akasimama upande wa pili wa kitanda na kalamu.

"Sema."

Nikasema. Anajua jina lake, anajua yuko wapi, anajua leo ni Jumatatu. Homa thelathini na nane nukta mbili. Mapigo ya moyo mia moja na nane. Ngozi kuzunguka kidonda ni ya moto hadi juu ya kifundo, jana ilikuwa chini yake. Sukari kumi na saba. Daktari aitwe sasa, asingojwe hadi mzunguko wa saa nne. Pumzi ishirini na mbili.

Hakuandika. Akaitazama saa yake, akatazama kifua cha yule mama, akasimama dakika nzima, mikono mitupu, mbele ya wodi nzima. Mtu akamwita alete bakuli, hakugeuka. Dakika ilipoisha hakuniambia amepata ngapi.

"Mwite daktari," akasema. "Kisha urudi uhesabu upya."

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Mimi! Mbele ya wauguzi ninaowazidi umri, wote wameshika chati wanajifanya hawatazami! Nikaenda kwenye simu, nikamwita daktari, nikarudi. Yule mgonjwa alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kama kuna ubaya. Kicheko akamwambia hakuna, mama, pumua tu kama kawaida yako.

Kisha akaninyooshea kidole kile kifua, nikainama, nikaanza tena kwenye moja.